Wanaoshauri Wenye Mitaji Walitoka Wapi? Maelezo kwa Wakazi wa Kona Baridi Wanaoanzisha Kampuni za Teknolojia

Kona Baridi iko kwenye Barabara ya Magadi, baada ya Kiserian, mahali Milima ya Ngong inapoishia upande wa kusini na barabara kuanza kuteremka kuelekea Bonde la Ufa. Kwa miaka mingi eneo hili limejulikana kwa upepo, mifugo, nyama choma na wageni wanaopanda milima siku za wikendi. Siku hizi kuna vijana wanaotengeneza programu za simu hapa hapa: ya kuunganisha wauza maziwa na wateja wa Rongai, ya kuagiza maji ya bouza, ya kuweka rekodi za chanjo za ng'ombe.

Kazi kama hizi zikianza kupata wateja, huja siku ambapo mtu au kampuni kutoka Nairobi au ng'ambo husema iko tayari kuweka pesa. Haiiti pesa hizo mkopo. Inataka sehemu ya kampuni, na kwenye karatasi zake huwa na orodha ya majina ya watu wanaoitwa washauri, wengi wao wakiwa wajasiriamali wa teknolojia.

Makala haya yanaeleza watu hao ni akina nani kwa kawaida, walifanya kazi gani kabla ya kufika hapo, na kwa nini historia yao ya kazi ni jambo ambalo mkazi anapaswa kulichunguza kabla ya kutia sahihi. Yanatumia mifano ya watu wanaojulikana hapa Kenya.

Mtaji wa namna hii ni nini?

Benki inapomkopesha mtu, inataka ilipwe pamoja na riba, biashara ifaulu isifaulu. Mara nyingi inataka dhamana, na katika Kaunti ya Kajiado dhamana hiyo huwa hati ya shamba.

Kampuni ya mtaji wa ubia hufanya vingine. Inakusanya pesa kutoka kwa wenye fedha nyingi, kama vile mifuko ya pensheni, mashirika ya maendeleo ya nchi za nje, makampuni makubwa na matajiri binafsi. Pesa hizo huwekwa katika mfuko mmoja ambao kwa kawaida hupangiwa kuishi kama miaka 10. Mfuko hununua hisa katika kampuni changa nyingi. Wasimamizi wanajua kwamba nyingi kati ya hizo zitakufa au zitabaki ndogo, na wanategemea chache zitakazokua sana zirudishe pesa zote na faida juu yake.

Kampuni changa ikifa, mwenye mtaji amepoteza pesa zake na hamdai mwanzilishi. Ikikua, sehemu yake inakua pia. Kwa hiyo anayetoa mtaji wa aina hii hahitaji hati ya ardhi. Anahitaji kuamini kwamba mwanzilishi na biashara yake wanaweza kukua upesi.

Hapo ndipo washauri wanapoingia. Mtu wa fedha anaweza kusoma hesabu, lakini huenda hajui kama programu imeandikwa vizuri, kama mkulima atailipia, au kama sheria mpya itaifunga. Kampuni ya mtaji humwalika mtu aliyewahi kujenga kampuni ya teknolojia amsaidie kuchagua, kuuliza maswali na kuwaongoza vijana baada ya pesa kutolewa. Mtu huyo anaweza kuwa mshirika kamili anayekaa kwenye meza ya uamuzi, mshirika wa muda anayeleta na kufuatilia kampuni fulani, au mshauri tu anayepigiwa simu mara moja moja. Tofauti kati ya nafasi hizi tatu ni kubwa, nayo itaelezwa zaidi hapa chini.

Walioanza na barua pepe

Mfano wa kwanza ni wa Ayisi Makatiani. Alisomea uhandisi katika chuo cha MIT nchini Marekani. Mwaka 1994 yeye pamoja na Wakenya wenzake wawili waliosoma Marekani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianzisha Africa Online, moja ya kampuni za mwanzo kuuza huduma ya intaneti na barua pepe nchini Kenya na baadaye katika nchi nyingine za Afrika.

Wakati huo hakukuwa na nyaya za chini ya bahari zilizofika pwani ya Kenya. Nyaya hizo zilifika mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ilipitia setilaiti, ilikuwa ghali, na mteja aliipata kwa laini ya simu ya mezani. Kuendesha kampuni ya intaneti kulihitaji kujadiliana na shirika la simu la serikali, kupata leseni, kuwafundisha wateja barua pepe ni nini, na kutafuta mtaji nje kwa sababu benki za hapa hazikuielewa biashara hiyo.

Baadaye Makatiani aliongoza AMSCO, shirika la kusaidia makampuni ya Afrika kupata mameneja na mafunzo, kisha akaongoza Fanisi, mfuko wa mtaji wenye makao Nairobi. Fanisi haikujifunga kwenye teknolojia pekee. Iliweka pesa pia katika biashara kama maduka ya dawa ya Haltons na shule za Hillcrest.

Historia hiyo inamwambia mwanzilishi jambo fulani. Mtu aliyeuza intaneti wakati hakuna aliyeijua amekutana na kazi ya kushughulika na leseni, wateja wasioelewa bidhaa, na wawekezaji wa mbali. Kijana anayetaka kuuza huduma mpya kwa wafugaji wa Ewuaso au Magadi angefaidika na mshauri wa aina hiyo, hata kama mshauri huyo hajaandika programu kwa miaka mingi.

Kundi la Ushahidi

Mfano wa pili ni wa watu waliokutana kwa sababu ya msiba wa taifa. Baada ya uchaguzi wa 27 Desemba 2007, ghasia zilipozuka, wakili na mwanablogu Ory Okolloh alikuwa akiandika habari alizokuwa akipokea kutoka kwa watu. Aliuliza hadharani kama kuna wataalamu wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha matukio yanakotokea. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine waliitikia. Katika siku chache za Januari 2008 walikuwa wametengeneza Ushahidi, mfumo uliopokea ripoti za wananchi kwa ujumbe wa simu na kwa intaneti na kuziweka kwenye ramani. Mfumo huo ulitumika baadaye katika nchi nyingi, ikiwemo Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010.

Watatu kati ya waanzilishi hao waliishia kufanya kazi na wenye mitaji, kila mmoja kwa njia yake.

Ory Okolloh alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kabla ya Ushahidi, mwaka 2006, alikuwa ameshirikiana na Conrad Akunga kuanzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia kazi za wabunge. Baadaye alifanya kazi Google akishughulikia sera barani Afrika, kisha katika shirika la Omidyar Network, ambalo hutoa ruzuku na pia huweka mitaji. Baada ya hapo akawa mshirika katika Verod-Kepple Africa Ventures, mfuko wa mitaji uliotokana na ushirikiano wa kampuni ya Nigeria na ya Japani. Nguvu ya historia yake iko kwenye sheria, sera na utawala: ni nani hutoa vibali, data ya watu inalindwaje, kampuni iendeshwe vipi.

Juliana Rotich alisomea teknolojia ya habari katika Chuo Kikuu cha Missouri mjini Kansas City na kufanya kazi ya kompyuta Marekani. Baada ya Ushahidi, ambapo alikuwa mkurugenzi mtendaji, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa BRCK, kampuni ya Nairobi iliyotengeneza kifaa cha intaneti kinachoweza kuendelea kufanya kazi umeme ukikatika. Amekuwa mshirika wa muda katika Atlantica Ventures, na pia amefanya kazi Safaricom katika huduma za kifedha za M-Pesa. Historia yake inachanganya programu, vifaa na huduma za pesa kwa simu.

Erik Hersman alilelewa Sudan na Kenya na wazazi Wamarekani. Alijulikana kwanza kwa kuandika, hasa kuhusu mafundi wa jua kali na uvumbuzi wao. Mwaka 2010 aliongoza kuanzishwa kwa iHub kwenye Barabara ya Ngong, Nairobi, barabara ile ile inayoendelea hadi mji wa Ngong katika kaunti hii. iHub ilikuwa mahali ambapo watengeneza programu walipata meza, intaneti na watu wa kuzungumza nao. Mwaka 2012 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Savannah Fund. Mwaka uliofuata kampuni ya BRCK ilichangisha pesa kwa umma kupitia intaneti na kupata zaidi ya dola 170,000. Baadaye BRCK ilianzisha Moja, huduma ya intaneti ya bure ambayo abiria wengi wa matatu waliikuta ndani ya gari. Mwaka 2022 alishiriki kuanzisha Gridless, inayotumia umeme wa ziada wa vituo vidogo vya mashambani kuendesha kompyuta za kuchimba Bitcoin.

Savannah Fund yenyewe ni mfano mzuri wa namna historia tofauti huchanganywa. Ilitangazwa mwaka 2012 ikiwa na lengo la dola milioni 10, na waanzilishi wake walikuwa watatu. Mbwana Alliy, Mtanzania, alikuwa amefanya kazi na kampuni za teknolojia huko Silicon Valley kabla ya kurudi Afrika Mashariki. Paul Bragiel, Mmarekani, alikuwa ameanzisha kampuni kadhaa za teknolojia, ikiwemo ya michezo ya kompyuta, na kushiriki katika mfuko wa mitaji huko California. Hersman aliwajua watengeneza programu wa Nairobi kwa majina. Mmoja alileta uzoefu wa nyumbani na ng'ambo, wa pili alileta uzoefu wa kuanzisha na kufadhili kampuni Marekani, na wa tatu alileta ujuzi wa mahali.

Historia ya kazi inaonyesha nini?

Kutokana na mifano hii, washauri wa kampuni za mitaji wanaweza kugawanywa katika makundi manne. Mtu mmoja anaweza kuwa katika zaidi ya kundi moja.

Kundi la kwanza ni waliojenga bidhaa kwa mikono yao. Hawa wanaweza kuangalia programu ya kijana na kusema ni wapi itavunjika wateja wakifika elfu kumi. Wanaweza pia kusema ukweli kuhusu gharama. Kutengeneza kifaa, kwa mfano, ni kazi tofauti sana na kutengeneza programu, kwa sababu kifaa hupita forodhani, hukaa ghalani na huharibika mikononi mwa mteja.

Kundi la pili ni walioendesha kampuni hadi ikakua. Hawa wameajiri na kufuta kazi, wamelipa kodi, wamekosa pesa za mishahara mwisho wa mwezi, wameuza kampuni au kuifunga. Mtu aliyewahi kufunga kampuni kwa uaminifu, akawalipa wafanyakazi na kuwaeleza wateja, ana mafunzo ambayo aliyefaulu mara moja tu huenda hana.

Kundi la tatu ni wanaojua sheria na sera. Kampuni inayohifadhi majina, namba za simu au taarifa za afya za watu iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inayopokea na kushika pesa za watu hukutana na masharti ya Benki Kuu. Mshauri wa kundi hili huokoa kampuni kabla haijafika mahakamani.

Kundi la nne ni wanaojua watu. Wanaweza kupiga simu kwa meneja wa ushirika wa maziwa, kampuni ya bima au shirika la simu, na mkutano ukapatikana wiki hiyo. Kwa kampuni ya Kona Baridi ambayo haina ofisi Nairobi, simu moja ya namna hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko pesa.

Jina kubwa kwenye orodha halisemi mtu huyo yuko katika kundi gani. Mwanzilishi wa programu ya chanjo za ng'ombe anaweza kupewa mshauri aliyejenga mchezo wa kompyuta. Huenda akasaidia katika mambo ya programu, lakini swali la namna ya kumfikia mfugaji anayehama na mifugo wakati wa kiangazi litabaki bila jibu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

Mkazi anayezungumza na kampuni ya mtaji ana haki ya kuuliza kama anavyoulizwa. Maswali yafuatayo yanafaa:

1. Mshauri huyu amejiunga kwa nafasi gani? Je, ana kura wakati wa kuamua pesa ziende wapi, au jina lake limewekwa tu?

2. Atatoa saa ngapi kwa mwezi kwa kampuni hii? Ahadi hiyo iandikwe.

3. Alianzisha nini hasa, mwaka gani, na kampuni hiyo iko wapi sasa? Maneno kama "mwanzilishi" na "mshirika" yana maana tofauti. Aliyekuwa mfanyakazi wa kumi na mbili si mwanzilishi.

4. Je, mshauri ana hisa katika kampuni inayoshindana na hii? Kijana akimweleza mshindani siri zake zote, hakuna sheria itakayorudisha wazo lake.

5. Nani analipa mshauri? Baadhi hulipwa na mfuko. Wengine huomba hisa za kampuni changa yenyewe. Kama ni hisa, ziwe chache, na zitolewe kidogo kidogo kadiri anavyoendelea kusaidia.

6. Ni waanzilishi gani wengine amewahi kuwashauri? Mwanzilishi azungumze na angalau wawili, mmoja kampuni yake ikiwa imefaulu na mwingine ambaye mambo yake hayakwenda vizuri.

Majibu yanaweza kuhakikishwa. Kampuni iliyosajiliwa Kenya ina rekodi kwenye Huduma ya Usajili wa Biashara, na mtu yeyote anaweza kuomba kupitia eCitizen cheti cha CR12 kinachoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, hutangaza orodha ya kampuni zilizo na leseni yake. Asiye na kompyuta anaweza kusaidiwa katika Kituo cha Huduma mjini Kajiado.

Hesabu ya hisa

Jambo ambalo wengi hulielewa wakiwa wamechelewa ni hesabu. Mfano huu ni wa kufikirika, lakini hesabu yake ndiyo inayotumika.

Vijana wawili wa Kona Baridi wana kampuni yenye hisa 1,000, kila mmoja 500. Mwekezaji anatoa Sh2 milioni na kupewa asilimia 20. Hachukui hisa 200 kutoka kwao. Kampuni inatoa hisa mpya 250, jumla inakuwa 1,250, na 250 ni asilimia 20 ya hizo. Kampuni sasa inahesabiwa kuwa na thamani ya Sh10 milioni, na vijana wamebaki na asilimia 80 kwa pamoja.

Kampuni ikikua itahitaji pesa zaidi. Mwekezaji wa pili akichukua asilimia 20, vijana wanabaki na asilimia 64. Wa tatu akichukua kiasi hicho hicho, wanabaki na asilimia 51.2. Wa nne akija, wanashuka hadi karibu asilimia 41. Hapo kampuni waliyoianzisha inaweza kuamuliwa na wengine, na hata mkurugenzi anaweza kubadilishwa bila wao kukubali.

Kupungua huko si wizi. Asilimia 41 ya kampuni ya Sh500 milioni ni kubwa kuliko asilimia 100 ya kampuni ya Sh2 milioni. Lakini ni lazima mwanzilishi ajue anakoelekea tangu sahihi ya kwanza, kwa sababu aliyetoa asilimia 50 mwanzoni hana nafasi iliyobaki kwa wanaofuata.

Jambo la pili ni haki ya kulipwa kwanza. Mikataba mingi husema kwamba kampuni ikiuzwa, mwekezaji atarudishiwa pesa zake kabla ya wengine. Katika mfano huo wa mwanzo, kampuni ikiuzwa kwa Sh3 milioni tu, mwekezaji anachukua Sh2 milioni zake, na vijana wenye asilimia 80 wanagawana Sh1 milioni. Kipengele hiki ni cha kawaida. Kisichofaa ni kukitia sahihi bila kujua kipo.

Jambo la tatu ni mahali kampuni inaposajiliwa. Baadhi ya wawekezaji huomba kampuni mama isajiliwe ng'ambo, kama Marekani au Mauritius. Kuna sababu halali za kodi na sheria. Lakini ina maana kwamba ugomvi ukitokea, huenda ukaamuliwa huko, kwa gharama za huko. Wakili wa Kenya anayejua mikataba ya hisa aisome kwanza, na alipwe na mwanzilishi, si na mwekezaji.

Ardhi haiingii hapa

Katika kaunti hii, ambako ranchi za jamii zimegawanywa na familia nyingi zimepata hati za vipande vyao, kuna majaribu makubwa ya kuuza ekari ili kupata mtaji. Wengine wamefanya hivyo kwa mambo mema, wengine wamebaki bila biashara na bila shamba.

Wakazi wanakumbushwa kwamba kampuni ya kweli ya mtaji wa ubia hununua hisa za kampuni. Anayejiita mwekezaji na kuomba hati ya ardhi, iwe ya kijana au ya baba yake, anatoa mkopo kwa jina lingine, au anatafuta ardhi. Vilevile anayeomba "ada ya kushughulikia" au "ada ya kufungua faili" kabla ya kutoa mtaji aepukwe. Mwekezaji ndiye anayeleta pesa.

Kwa ardhi ya kilimo, kuuza au kuweka rehani kunahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Hatua hizo ziliwekwa ili familia ipate nafasi ya kufikiri. Anayeharakisha mambo ili zirukwe hana nia njema na familia hiyo.

Si kila biashara inafaa mtaji huu

Duka la chakula cha mifugo, kibanda cha nyama choma, boda boda, au fundi wa simu ni biashara nzuri zinazoweza kulisha familia kwa miaka. Lakini haziwezi kukua mara mia kwa miaka michache, na kwa hiyo kampuni ya mtaji wa ubia haitazitaka. Hilo si kosa la mwenye biashara. Njia nyingine zipo.

Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu bila riba, isipokuwa ada ya usimamizi ya asilimia 3 inayolipwa mara moja. Kuna pia Hazina ya Maendeleo ya Biashara za Vijana na Hazina ya Wanawake. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, hutoa mikopo ya kibinafsi kwa simu kuanzia Sh500 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Vyama vya ushirika na chama cha akiba na mikopo pia vimesaidia wengi kuanza bila kugawa umiliki.

Wanaotengeneza programu wafanye mambo matatu mapema, kabla hata ya kutafuta mwekezaji. Waandike kati yao nani anamiliki kiasi gani, na nini kitatokea mmoja akiondoka. Wasajili kazi yao, kwani programu ya kompyuta inalindwa na hakimiliki, na KECOBO ndiyo inayosimamia. Jina na nembo ya biashara husajiliwa KIPI. Na kama wanahifadhi taarifa za watu, waulize Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ni usajili gani unaowahusu. Mwekezaji makini ataulizia mambo haya yote matatu katika wiki ya kwanza.

Mshauri aliye karibu

Waliotajwa hapa hawakuanza wakiwa na mitaji. Makatiani na wenzake walikuwa wanafunzi wanaotafuta njia ya Wakenya walioko mbali kupata habari za nyumbani. Okolloh alikuwa akiandika. Rotich alikuwa mtaalamu wa kompyuta. Hersman alikuwa akisimulia habari za mafundi. Walichofanya kwa miaka ndicho kilichofanya baadaye waombwe ushauri na wenye pesa.

Kaunti hii ina watu wa namna hiyo ambao majina yao hayako kwenye karatasi ya mfuko wowote. Kuna waliojenga vyama vya maziwa, walioendesha soko la mifugo na vichinjio vya Kiserian, waliofanya kazi benki au kampuni ya simu na sasa wamestaafu Ngong, Kitengela au Namanga. Kijana wa Kona Baridi mwenye programu ya rekodi za ng'ombe anaweza kumwendea mzee aliyesimamia josho la eneo lake kwa miaka, akamsikiliza kwa mchana mmoja, na kurudi na orodha ya makosa ambayo hakuna mshauri wa Nairobi angeyaona.

Mwekezaji akija baadaye na kuuliza ni nani anaishauri kampuni hii, kijana huyo atakuwa na jina la kutaja, na ataweza kueleza mtu huyo alifanya nini.